Mekapu ya bei nafuu Nyanda za Juu Kusini: jaribu kwanza, nunua baadaye

Fungua pochi ya vipodozi ya dada yeyote unayemfahamu, uangalie vilivyotumika kidogo vikaachwa. Fandesheni iliyomgeuza wa kijivu. Lipstiki iliyopendeza kwenye kopo tu. Poda iliyompasukia usoni asubuhi ya Julai. Jumlisha bei za hivyo vyote, mara nyingi utakuta zingetosha kununua kimoja kizuri na nauli ya kurudi nyumbani ikabaki. Nafuu ninayoizungumzia hapa ni kopo utakalolimaliza mpaka ulikwangue kwa njiti.

Nimemwandikia anayeanza, au aliyezoea wanja na mafuta ya mgando peke yake na sasa mdogo wake ana sendofu mwezi ujao.

Hatua ya 1: Ijue ngozi yako kwa hali ya hewa unayoishi

Mafunzo mengi ya mekapu tunayotazama kwenye simu yanatoka kwenye joto: Dar es Salaam, Lagos, Accra. Mpambaji anaanza na praima (kipakwacho chini ya fandesheni) ya kukausha mafuta, anamalizia na poda ya kutosha kuoka mkate. Ni sawa kwake, kwa sababu anapigana na jasho. Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Njombe inakaribia mita 2,000. Kuanzia Juni hadi Agosti hewa ni ya baridi na kavu, midomo inapasuka, miguu inapauka kabla hujafika kituo cha daladala. Ukimwiga yule wa Lagos, saa nne asubuhi uso umeshachora mistari.

Halafu telemka Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, chini kwa zaidi ya mita 1,000. Huko joto na unyevu vinakungoja. Hali ni hiyo hiyo kwa anayetoka Iringa mjini kwenda Pawaga, au Mbeya kwenda Usangu. Anayejipamba alfajiri Uyole, Mbeya, kwa ajili ya harusi ya Kyela apake tabaka jembamba, poda aibebe kwenye mkoba na aipake akishafika.

Kuijua ngozi ni kazi ya saa moja. Osha uso kwa maji ya uvuguvugu, ujifute kwa kitambaa laini, usipake chochote, uendelee na shughuli zako. Saa ikiisha jitazame. Uso unavuta na umepauka: ngozi kavu. Paji na pua vinang'aa lakini mashavu yametulia: mchanganyiko. Uso mzima unang'aa: ya mafuta. Rudia kipimo hiki wakati wa mvua, maana anayekuwa mkavu Julai anaweza kung'aa Januari, na hapo hahitaji fandesheni nyingine, anahitaji poda kidogo zaidi.

Hatua ya 2: Tafuta rangi yako, hapa usiharakishe

Hela nyingi zinapotelea hapa. Muuzaji atakupaka nyuma ya kiganja, atakuambia, "Dada, hii imekukubali kabisa," na chini ya taa yake nyeupe utamwamini. Mkono wako umepigwa jua miaka yote wakati uso ulikuwa na mtandio au kofia, au kinyume chake. Mkono hauwezi kuusemea uso.

Nenda sokoni uso ukiwa mtupu, umepaka mafuta mepesi tu. Chagua rangi tatu zinazokaribiana. Chora mistari mitatu midogo kwenye taya, ukianzia shavuni kushuka kuelekea shingoni. Kisha sema bila aibu: "Dada, naomba nisogee mlangoni niangalie kwenye mwanga." Mwenye duka anayekataa hilo mwachie bidhaa yake, Mwanjelwa pale Mbeya kuna maduka ya kutosha, na Iringa ukizunguka Miyomboni na Soko Kuu hukosi mwenye subira.

Kwenye mwanga wa mchana, mstari unaopotea ndio wako. Mstari unaoonekana wa majivu haukufai hata kama weusi wake unalingana na wako, kwa sababu rangi ya ngozi ina mambo mawili: kiasi cha weusi, na kile kinachotokea chini yake. Ngozi zetu wengine chini zina unjano, wengine wekundu, wengine ziko katikati. Fandesheni yenye uwaridi ukiipaka kwenye ngozi ya unjano inatoa ule ukijivu unaowafanya watu wakuulize kama unaumwa. Kama huna hakika, linganisha na shingo na kifua.

Sasa subiri. Zunguka, kanunue nyanya, rudi baada ya dakika kumi na tano. Fandesheni nyingi hukolea zikishakauka na kuchanganyika na mafuta ya ngozi, na ile iliyokuwa sawasawa inaweza kukuzidi. Kabla ya kulipa, jipige picha mbili kwa simu, moja kwenye mwanga wa jua na nyingine kwa flashi. Poda na fandesheni zenye titani dioksidi nyingi, zinki oksidi au silika hurudisha mwanga wa flashi, na bibi harusi anatoka kwenye albamu kama aliyetoka kusaga mahindi. Macho hayalioni hilo, kamera inaliona.

Kuna njia nyingine ambayo watu wanaidharau. Mpambaji wa saluni ana rangi nyingi kuliko utakazoweza kununua maisha yako yote. Mlipe kupambwa mara moja, siku ya kawaida isiyo na shughuli, na mwambie tangu mwanzo kwamba unataka kujua rangi yako. Mwombe akutajie jina na namba ya rangi aliyotumia, uandike kwenye simu. Hela hiyo inaweza kuwa ndogo kuliko bei ya kopo moja lisilokufaa.

Ukikosa rangi kamili, na wenye ngozi nyeusi sana wanaikosa mara kwa mara kwa sababu maduka huagiza zaidi rangi za katikati, nunua makopo mawili madogo ya aina moja: moja limekuzidi weusi, jingine limepungua. Changanya nyuma ya kiganja kila unapopaka. Utakuwa na rangi ya kiangazi na ya kifuku kwa mpigo. Sharti ni kwamba yawe ya aina moja. Fandesheni ya maji na ya silikoni hazielewani, zinajitenga na kuwa madonge. Ya silikoni utaijua kwa majina yanayoishia na "cone" yaliyotangulia mwanzoni mwa orodha ya viungo, kama Dimethicone.

Hatua ya 3: Jaribu bila kuleta ugonjwa nyumbani

Kopo la majaribio dukani limeguswa na kila mtu. Lipstiki yake usiipeleke mdomoni, vidonda vya homa huambukizwa kwa njia hiyo. Maskara yake usiipeleke machoni. Beba pamba za masikio zako, chota kwa upande mmoja, usirudishe. Rangi ya mdomo ijaribu kwenye ncha ya kidole, hapo wekundu wake unakaribiana na mdomo.

Bidhaa mpya ukishainunua, paka kidogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, uache siku moja hadi mbili. Ikiwasha au ikitoa vipele, hujaharibu uso. Usianze kutumia kitu kipya siku ya shughuli. Nasema hivyo kwa sababu kila mtu anajua, na kila mwezi wa harusi kuna anayekwenda ukumbini na macho yamevimba.

Hatua ya 4: Tafuta mbadala kwa kusoma lebo

Umeona fandesheni au mafuta ya uso ya bei kubwa kwa rafiki yako, yamekufaa, hela huna. Usiulize duka lina nini kinachofanana kwa kopo. Makopo yanaigwa kirahisi. Piga picha orodha ya viungo nyuma ya ile ya bei kubwa, nenda nayo dukani, ulinganishe.

Viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo. Vile vilivyo chini ya asilimia moja ndivyo vinavyoweza kupangwa vyovyote mwishoni. Kwa hiyo majina matano au sita ya mwanzo ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya kopo. Losheni mbili zinazoanza kwa maji, glisirini, mafuta ya madini na mgando zitafanya kazi inayokaribiana, hata moja ikiwa na picha ya ua na nyingine ina picha ya ng'ombe. Aloe vera au parachichi iliyotajwa mwisho kabisa, baada ya manukato, iko pale kwa ajili ya picha.

Kisha piga hesabu ya gramu. Tuseme poda moja ni shilingi 30,000 kwa gramu 30, nyingine ni shilingi 12,000 kwa gramu 8. Ya kwanza ni shilingi 1,000 kwa gramu, ya pili ni 1,500. Ile "rahisi" imekuzidi. Lakini kama bado hujui rangi yako, nunua ya gramu 8 kwa moyo mmoja, unalipia jaribio. Ukishajua, hamia kubwa, au unganeni watatu mnunue kwa bei ya jumla.

Jihadhari na feki. Herufi zilizokosewa, kifuniko kisichokaa sawa, rangi ya maandishi iliyofifia, kopo lisilo na namba ya toleo wala tarehe ya mwisho wa matumizi: rudisha. Bidhaa maarufu inayouzwa robo ya bei yake ya kawaida ina sababu, na sababu hiyo haiwezi kukupendeza. Vya kutandazwa chini mnadani vina tatizo la ziada, jua. Lipstiki iliyokwisha kutoka jasho na kurudi imeshaanza kuharibika. Na Tunduma, pale mpakani, panapita kila aina ya kopo. Unachonunua hapo kisome lebo kama unavyosoma mkataba. Losheni za kupimiwa kwenye chupa zisizo na lebo mimi sizinunui, bei iwe iwavyo.

Hatua ya 5: Vinavyoweza kufanya kazi ya vingine

Mafuta ya mgando yanastahili heshima zaidi ya anayopewa. Yatie kwenye mswaki mpya laini, uchane nyusi kwenda juu, zitakaa. Pakaza tone moja juu ya mfupa wa shavu, utang'aa bila kununua poda ya kung'arisha. Yapake juu ya lipstiki, umepata lipshaini. Yanaondoa hata maskara. Kwenye ngozi yenye chunusi au ya mafuta mengi, yaishie mdomoni na kwenye nyusi.

Glisirini ya duka la dawa: matone machache kwenye losheni yako ya kawaida, mwezi wa Juni, kabla ya fandesheni. Hiyo ndiyo praima ya watu wa baridi. Usiipake kavu peke yake, inanata na vumbi la barabarani litakuandama.

Losheni yenyewe ni mbadala wa fandesheni nyepesi. Changanya nusu kwa nusu kiganjani, paka kwa vidole. Kopo la miezi mitatu linakwenda miezi mitano au zaidi, na kwa baridi ya kwetu matokeo yake yanapendeza kuliko tabaka zito.

Lipstiki ya rangi ya udongo au zambarau iliyokolea, gusa mashavuni, sambaza upesi kabla haijakauka. Ni rangi ya mashavu. Ya machungwa iliyokolea au nyekundu, kiasi kidogo sana chini ya jicho, mbali na ukingo wa kope, huzima weusi wa pale kabla ya kupaka fandesheni. Usiitumie ndani ya jicho, rangi za mdomo hazikutengenezwa kwa ajili ya macho.

Wanja wa penseli wa kahawia iliyokolea unatosha kwa nyusi, kuzungushia mdomo na kuchora jicho. Ule mweusi tii kwenye nyusi unawapendeza wachache, wengine wote unatufanya tuonekane tumekasirika. Kama nyusi zako zimetindwa vizuri, kazi ya wanja inapungua nusu.

Brashi za kuchorea za duka la vifaa vya shule, zenye nywele laini, zinafanya kazi nzuri kwenye kope na midomo. Zioshe kabla ya kuanza. Brashi ya maskara iliyokwisha, ikioshwa vizuri kwa sabuni na kukaushwa, inachana nyusi.

Kuna mbadala unaosifiwa ambao mimi naupa nusu ya sifa: wanga wa mahindi badala ya poda ya kukaushia. Unanyonya mafuta kweli. Lakini ni mweupe, na kwenye jasho unageuka uji. Wanaouchanganya na unga wa kakao, ambayo tunailima Kyela, hupata rangi inayokaribia ngozi, na kwa picha za nyumbani si mbaya. Kwa shughuli ya siku nzima nunua poda.

Mafuta ya parachichi, kwa sisi tulio karibu na Rungwe na Njombe, yanafaa kwa ngozi kavu usiku. Paka matone mawili kwenye ngozi yenye maji maji bado. Parachichi lenyewe la kupondwa ni kachumbari iliyopotea njia, ni la kula tu.

Hatua ya 6: Pasipo na njia ya mkato

Jua. Mionzi inayochoma ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na baridi haizuii mionzi hiyo. Ndiyo maana mtu wa Makete anaungua huku amevaa sweta. Mafuta ya nazi, ya parachichi au mgando hayatoshi kuwa kinga. Kama una hela ya kitu kimoja tu cha bei, nunua mafuta ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, yapake kabla ya mekapu, na uyarudie ukikaa nje. Ukishindwa, kofia pana, mwavuli na mtandio vinafanya kazi kuliko kopo lisiloeleweka. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hili ni suala la afya kabla ya urembo. Waulize kliniki ya ngozi kuhusu Kilisun, mafuta ya jua yanayotengenezwa Moshi kwa ajili yao.

Gundi ya kope. Gundi ya kucha au ya viatu haiendi kwenye jicho, hata tone, hata kama harusi inaanza sasa hivi.

Piko. Ile nyeusi ya dukani ina kemikali ya kutia rangi nywele, na kwa baadhi ya watu inachoma na kuacha makovu. Usiipake kwenye nyusi wala kope. Wanja wa unga usio na lebo nao uuepuke, maana baadhi ya aina zimekutwa na madini ya risasi.

Limao na magadi usoni: hapana. Limao likikutana na jua linaunguza na kuacha mabaka meusi yanayokaa miezi.

Na mkorogo. Haidrokwinoni, zebaki na dawa za steroidi zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kwenye kopo tafuta maneno HYDROQUINONE, MERCURY na CALOMEL (zebaki), CLOBETASOL na BETAMETHASONE (steroidi). Ukikuta moja, liache dukani. Zebaki inaharibu figo. Steroidi zinaifanya ngozi kuwa nyembamba, na ukiziacha ghafla uso unalipuka chunusi. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuleta weusi wa bluu mashavuni, ule ambao baadaye hakuna fandesheni inayouficha. Krimu "ya kung'arisha" isiyo na orodha ya viungo kabisa ihesabu kwenye kundi hili hili.

Hatua ya 7: Fanya uso mmoja wa majaribio

Wiki moja kabla ya shughuli, jipambe kamili ukiwa nyumbani, karibu na dirisha. Losheni, subiri inyonywe. Mafuta ya jua kama ni mchana, subiri tena. Kiasi kidogo cha fandesheni kwa sponji yenye unyevu, ukianzia katikati ya uso kwenda nje, ukimalizia chini ya taya ili shingo isibaki ya mtu mwingine. Konsila, ile ya kufichia madoa, pale panapohitajika tu. Poda kwenye paji, pua na kidevu. Mashavu yaache kama ni msimu wa baridi. Kisha nyusi, rangi ya mashavu, macho, mdomo mwisho.

Halafu ishi nayo saa sita. Pika, toka nje, kunywa chai. Ikipasuka pembeni ya mdomo, punguza poda, ongeza losheni. Ikiteleza puani, punguza losheni pale. Ikibadilika rangi, rudi hatua ya 2. Andika ulichobadilisha, maana siku yenyewe hutakumbuka.

Hatua ya 8: Kuondoa na kutunza

Yeyusha mekapu kwa mafuta ya nazi au mgando, futa kwa pamba, kisha osha kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu. Sabuni ya kufulia iache kwa nguo. Paka losheni uso ukiwa bado na unyevu.

Sponji na brashi, hizo ndizo sabuni ya mche inazifaa. Osha kila wiki, kamua, anika juani. Kipindi cha ukungu na manyunyu sponji haikauki ndani na huota madoa meusi. Iliyoota tupa, ni ya bei ndogo. Kila kopo liandike tarehe uliyolifungua kwa kalamu ya wino. Kichoro cha kopo lililofunguliwa chenye 6M au 12M kinakuambia miezi ya kulitumia tangu siku hiyo. Maskara haivuki miezi mitatu hadi sita, na ikikauka kabla ya hapo usiiongezee maji wala mate. Tupa, ukibakiza ile brashi.